"Sina Makosa": Wimbo Mtamu na Nyumba Mbili Zilizosahauliwa

KATIKA nyimbo za dansi zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ni chache zilizojaliwa maisha marefu kama "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika. Wimbo huu unapita umri wa mwandishi wa makala haya, lakini hadi leo unapigwa katika harusi, katika mabasi, katika baa na katika vipindi vya zilipendwa vya redio. Magitaa yakianza tu, wazee hutabasamu na vijana husimama. Mimi ni mmoja wa wapenzi wake, na wala sioni haya kusema kwamba nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kuupenda wimbo si kuucheza tu. Ni pamoja na kusikiliza unasema nini. "Sina Makosa", juu ya utamu wake wote, unasimulia jambo zito linalovunja nyumba nyingi za mijini.

Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwaka 1978. Walioianzisha walikuwa wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, ambao walikuwa wamehamia Kenya mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini. Mpiga gitaa la rithim, Omar Shabani, alikuwa mstari wa mbele katika kujitenga huko. Tom Malanga alishika besi, naye John Ngereza akaja kuwa mwimbaji na mpiga gitaa aliyeitambulisha bendi hiyo kwa miaka mingi. Neno "Les" ni la Kifaransa, nalo liliipa bendi harufu ya muziki wa Kongo uliokuwa ukitamba wakati huo. Lakini Kiswahili walichokiimba kilikuwa chao, chepesi na kilichonyooka, na hicho ndicho kilichowafikisha katika kila mtaa.

Kisa cha wimbo ni kifupi. Mwanamume mmoja amekasirikiwa na mwanamume mwenzake kwa ajili ya mwanamke, na hasira imefika mahali pa kuhatarisha roho. Huyu anayekasirikiwa ndiye anayeimba. Anamwuliza mwenzake chuki hii inatoka wapi. Anamkumbusha kwamba mwanamke wanayemgombania si mali ya yeyote kati yao. Kisha anatoa hoja yake kubwa: kila mmoja wao ana wake nyumbani. Kwa hiyo, asema, yeye hana kosa.

Tazama jinsi muziki unavyomsaidia mshitakiwa huyu. Gitaa la rithim linazunguka palepale bila haraka, kama mtu asiye na wasiwasi. Besi inatembea chini yake kwa upole. Gitaa la solo linapoingia halipigi kelele, linabembeleza. Sauti za waimbaji nazo ni laini, hazina hata chembe ya ukali. Lau maneno yale yale yangeimbwa kwa kufoka, msikilizaji angemshuku mwenye kuyasema. Kwa kuwa yameimbwa kwa utulivu, tunamwamini kabla hajamaliza kujitetea. Huo ni ufundi mkubwa, na ndio siri mojawapo ya wimbo huu kutochuja.

Yapo pia mema ya kweli katika maneno yake. Wivu umeua watu. Si mara moja tumesoma habari za wanaume waliotoana roho kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwa mke wa mmoja wao. Mwimbaji wetu anakataa njia hiyo. Hatukani, hatishi, wala hajigambi kwamba yeye ndiye apendwaye zaidi. Anataka wakae chini waulizane. Wanaume wengi wa mjini wangefaidika kwa kuiga adabu hiyo wakati damu inapochemka.

Lakini hapo ndipo penye fundo. Katika kujiondolea kosa moja, bwana huyu amekiri jingine bila kujua. Ametaja nyumba mbili kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari ili aachwe apite, halafu asirudi kuzitazama tena. Ndani ya nyumba hizo wamo wake wawili. Wao hawaimbi, hawaulizwi neno, wala hatuambiwi kama wanajua waume zao wanachogombania huko nje. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi ni hao wawili, pamoja na watoto wanaomsubiri baba mwisho wa mwezi.

Na yule mwanamke wa tatu je? Bendi hii haikuwa na uchoyo wa kutaja majina. Ilituimbia "Paulina", ikatuimbia na "Pamela", na majina hayo tunayajua hadi leo. Huyu wa "Sina Makosa" hakupewa jina. Wanaume wawili wanabishana kama ni wa nani, ilhali hakuna aliyemwuliza yeye anamtaka nani, au kama anamtaka yeyote. Kusema kwamba yeye si mali ya mtu ni neno la haki kabisa. Linapungukiwa tu kwa kuwa limesemwa na mtu anayejitetea, wala si kwa ajili ya kumpa mwanamke huyo heshima yake.

Basi tuulize: hana makosa mbele ya nani? Mbele ya yule bwana mwenye hasira, shauri lake ni jepesi, na wazee wowote wangemwachilia. Asiye na haki hawezi kudai kwamba haki yake imeibiwa. Mbele ya mkewe, shauri hata halijafunguliwa. Mapenzi ya nyumbani hayafi siku ambayo mume anafumaniwa. Huanza kufa mapema zaidi, siku ambayo nyumba inageuka kuwa hoja ya kujitetea nje badala ya kuwa mahali pa kurudi.

Sisemi haya ili kuushusha wimbo. Kinyume chake, nauheshimu zaidi kila ninapougundua undani huu. Wimbo dhaifu ungetuhubiria. Huu umetuwekea mbele mtu kamili, mpole, mwenye hoja nzuri na dhamiri iliyolala, kisha ukatuacha tumhukumu wenyewe. Ajabu ni kwamba mume na mke huucheza pamoja harusini, wakiuimba neno kwa neno, kila mmoja akiamini kwamba unawasema watu wengine.

Pengine wakirudi nyumbani usiku huo wangeweza kuuzungumza pia, bila ugomvi, kwa upole ule ule wa magitaa. Mume aulize, mke ajibu. Kisha mke aulize, mume ajibu. Katika wimbo wenyewe hakuna hukumu inayotolewa: sauti zinanyamaza, magitaa yanaendelea, nasi tunaendelea kucheza. Majibu ya wale wawili walioachwa nyumbani hayamo katika santuri. Inafaa yasikilizwe mezani, kabla hayajafika barazani kwa wazee.