Kupanga kikosi cha mazimwi si kukusanya mashujaa

Wasomaji waliozoea kukuta katika ukurasa huu habari za mashairi, ngoma na bao, huenda leo wakastaajabu kuniona nazungumzia mchezo wa video. Naomba wanivumilie. Mchezo wenyewe ni Pokémon, na jina hilo ni kifupisho cha maneno yenye maana ya "mazimwi ya mfukoni." Ulitoka Japani mwezi wa Februari 1996, kazi ya kampuni ya Game Freak na ya bwana Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni mwake alipenda mno kukamata wadudu. Wakati huo mazimwi yalikuwa 151. Leo yamepita 1,000. Wala si mazimwi ya hadithi za bibi zetu, yale yaliyokuwa yakimeza watoto wasiolala mapema. Haya hufugwa, hufunzwa, kisha hupambanishwa na ya mtu mwingine.

Watu wazima wengi hudhani ni kubonyeza vidude tu. Hasha! Wanapokutana wawili wanaoujua mchezo, pambano lao huwa karibu zaidi na bao, au na malumbano ya washairi, kuliko na mpira. Hapatakikani vidole vyepesi wala jicho kali. Kila upande huamua lake bila kuona uamuzi wa mwenzake, kisha yote mawili hutimizwa katika zamu ile ile. Aliyekisia vyema nia ya mwenziwe ndiye apataye.

Nina mpwa wangu hapa Mombasa, kijana wa miaka 16, aliyemaliza hadithi yote ya mchezo huu peke yake na kujiona fundi. Alipoanza kupambana na watu, alipigwa. Alipigwa leo, akapigwa kesho, hata akawa na yakini kwamba wenzake wamenunua nguvu kwa pesa, na kwamba mchezo huu si wa mtoto wa mtu wa kawaida. Alikuwa tayari kuuacha. Nami nisiyependa kuona kijana akiamini kwamba kila mlango umefungwa kwa sababu ya pesa, nikamwambia anionyeshe kikosi chake.

Kilikuwa kikosi cha fahari, wallahi. Charizard, Dragonite, Gyarados, Salamence, Volcarona na Talonflame: majoka, ndege wa moto, nyoka wa bahari, nondo mwenye mabawa kama jua la magharibi. Kila mmoja ni shujaa. Lakini hebu msomaji afuatane nami katika hesabu ndogo.

Kila zimwi lina asili, na asili ziko 18: moto, maji, majani, umeme, barafu, mwamba, ardhi, chuma na nyinginezo. Maji huzima moto, moto huunguza majani, majani hunywa maji. Pigo la asili inayomshinda mpigwa huzidishwa mara mbili. Likikuta asili inayolihimili hukatwa nusu. Na yapo mapigo yasiyoathiri kabisa, kama umeme juu ya zimwi la ardhi. Zimwi lenye asili mbili huhesabiwa zote mbili, na hapo ndipo penye mtego, maana mbili mara mbili ni nne. Sasa, mashujaa wote sita wa mpwa wangu hudhuriwa na mwamba. Dragonite, Gyarados na Salamence hudhurika mara mbili. Charizard, Volcarona na Talonflame mara nne. Na iko mbinu iliyo mashuhuri, Rock Slide, ya kuporomosha mawe juu ya wapinzani wawili kwa pamoja. Hasimu mwenye zimwi moja tu lijualo kurusha mawe alikuwa amekwisha kumshinda kijana kabla hawajaamkiana. Pesa hazikuwamo.

Basi hilo ndilo nitakalo kuwaeleza wanaoanza, na wazazi wao wakitaka kusikiliza. Kikosi hakipangwi kwa kuuliza nani ana nguvu. Kinapangwa kwa kuuliza nani anafanya kazi gani, na nani anamkinga nani.

Nitazungumzia pambano la wawili wawili, kwa kuwa ndilo linalotumika katika mashindano rasmi ya dunia. Mchezaji huja na mazimwi sita, akaviona vya mwenzake, kisha akachagua manne ya kuingia nayo. Mawili huwa uwanjani kwa wakati mmoja. Hayaruhusiwi mawili ya jina moja, wala mawili kushika kifaa cha namna moja, na yote husawazishwa katika daraja la 50. Kila zimwi hubeba mbinu nne na si zaidi. Kwetu sisi watu wa tarbia, hiyo nne haina ugeni: ubeti una mishororo minne, na mshororo usio na kazi huuvunja wote.

Anayeanza na ashike kwanza jozi moja, wawili wanaopendana, kisha awajengee wengine pembeni. Jozi ninayoipenda mimi ni ya mvua, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jinsi masika yanavyogeuza mambo. Yuko Pelipper, ndege mfano wa mwari. Nakusudia mwari yule wa maziwani mwenye mfuko chini ya mdomo, si mwari wa unyagoni. Pelipper mwenye kipawa kiitwacho Drizzle huleta mvua kila aingiapo uwanjani. Hukaa zamu tano, na kwa muda huo mapigo ya maji huongezeka nguvu kwa nusu, na ya moto hupungua kwa nusu. Mwenzi wake ni Archaludon, joka la chuma lililoingia mchezoni mwezi wa Desemba 2023. Ana mbinu ya umeme iitwayo Electro Shot, ambayo siku ya jua humlazimisha kujikusanya zamu nzima kabla ya kufyatua. Mvuani hufyatua papo hapo, na nguvu zake zikapanda juu ya hayo.

Lakini uzuri wa jozi hii hauko katika kupiga tu. Pelipper ni maji na ndege, basi umeme humdhuru mara nne. Archaludon ni chuma na joka, na umeme humpata nusu tu. Kwa upande wake Archaludon anaogopa ardhi na ngumi. Pelipper, kwa kuwa yu angani, ardhi haimgusi hata kidogo, na ngumi humpata nusu. Hasimu akitaka kumpiga mmoja kwa kile anachokiogopa, mwenye kikosi humwondoa huyo na kumwingiza mwenziwe katika nafasi ile ile, na pigo likaangukia asiyeliogopa. Kubadilishana huko ndiko roho ya mchezo, na anayeanza aghalabu hakujui. Hung'ang'ania kupiga mpaka askari wake afe.

Wa tatu awe wa kutumia mvua hiyo. Kingdra mwenye kipawa cha kuogelea, kiitwacho Swift Swim, kasi yake huwa maradufu mvuani. Kasi ni jambo kubwa kuliko wageni wanavyodhani, kwa sababu aliyetangulia kupiga huenda akamwondoa mwenziwe kabla hajanyanyua mkono. Pelipper naye anaweza kufunzwa Tailwind, upepo wa tanga, unaoongeza maradufu kasi ya kikosi chake kwa zamu nne.

Wa nne ni Incineroar, paka mkubwa wa moto aliyejifunga mkanda kama mwanamieleka. Msomaji atauliza: moto mvuani wa nini? Swali zuri. Incineroar hakuletwa kuunguza. Kila aingiapo huwatisha wapinzani wote wawili, na nguvu zao za mwili zikashuka kwa theluthi. Zamu yake ya kwanza anaweza kumpiga mmoja kofi la kumshtua, mtu akapotewa na zamu nzima. Tangu mwaka 2018 paka huyu amekuwa miongoni mwa mazimwi yanayoonekana mno katika mashindano, na sifa yake haitokani na kuua bali na kuwapa wenzake nafasi. Katika taarabu mpiga rika hawi mbele ya jukwaa, lakini akikosekana kila sikio hujua.

Wa tano ni uyoga, Amoonguss, mzito kupita kiasi. Huo uzito ndio ninaoutaka. Kuna vikosi vinavyotumia hila iitwayo Trick Room, inayopindua mambo kwa zamu tano: mzito hutangulia, mwepesi hufuata. Mwenye kikosi cha watu wa kasi pekee hubaki amekodoa macho. Uyoga wetu hapo ndipo hupata enzi yake, akawalaza wapinzani usingizi kabla ya wao kutenda lolote. Huweza pia kujitolea mhanga, akavuta kwake mapigo yaliyokusudiwa mwenzake. Lakini unga wake hauwapati wenye asili ya majani. Jambo hilo lisisahauliwe.

Na karibu kila zimwi libebe Protect, kinga ya zamu moja. Vijana huidharau kwa kuwa haipigi mtu. Ukijikinga kwa mmoja huku wa pili akipiga, umempotezea hasimu nusu ya shabaha zake, na mvua au upepo wake aliouleta kwa taabu unazidi kwisha.

Kiti cha sita nakiacha wazi, na nina sababu. Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini aliingia na Pachirisu, kuchakuro mdogo mweupe ambaye kwa nguvu ni miongoni mwa wanyonge. Wengi hawangempa hata nafasi ya kuchota maji. Lakini Park alikuwa na Gyarados aliyemtegemea, na Gyarados umeme ni adui yake mkubwa. Pachirisu ana kipawa cha kuunywa umeme na kupata uhai kwao, na ana mbinu ya kuita mapigo yaje kwake. Tena wito wake, tofauti na unga wa uyoga, huwapata hata wenye asili ya majani. Akasimama kando ya Gyarados akipokea yaliyokuwa ya mwenziwe. Park akatwaa ubingwa wa dunia. Tangu hapo, mtu akiniambia kipenzi chake ni dhaifu, humuuliza tu: anafanya kazi gani ambayo wale watano hawaifanyi?

Nilimuuliza mpwa wangu swali hilo, akafikiri siku mbili. Kisha akamrudisha Dragonite. Hoja yake ilikuwa kwamba Dragonite anaweza kufunzwa Extreme Speed, pigo linalotangulia karibu mapigo yote bila ya kujali kasi, na kikosi hakikuwa na wa kummaliza majeruhi anayekimbia. Sikuwa na la kumjibu. Kiti kikawa cha Dragonite.

Iko hesabu nyingine ya mazoezi, nami nitaigusa tu. Katika michezo ya Scarlet na Violet ya mwaka 2022, kila zimwi hugawiwa pointi 510 za mazoezi, na sifa moja haipokei zaidi ya 252. Anayeanza huzimwaga zote katika nguvu na kasi. Si vibaya kwa Kingdra. Kwa uyoga ni upotevu mtupu, ambaye afadhali apewe uhai na kinga. Asiyetaka taabu ya kufuga na kufunza aijaribu programu ya bure ya Pokémon Showdown, ambamo kikosi kizima hupangwa kwa dakika chache, na kosa halimgharimu mtu kitu.

Kuna wanaoona haya kuiga kikosi cha bingwa, wakidai ni wizi. Chuoni tulipoanza, mwalimu hakutwambia tubuni herufi zetu. Aliandika juu ya ubao, nasi tukafuatisha kwa kalamu ya mwanzi, mara hamsini, mpaka mkono ukajua. Vikosi vya washindi wa mashindano makubwa hutangazwa wazi. Chukua kimoja, kicheze mapambano ishirini bila ya kukigusa, ndipo utakapofahamu kwa nini kila mmoja yumo. Ila tazama kwanza kama mazimwi yake yanaruhusiwa, kwani kanuni za mashindano hubadilishwa kila baada ya muda, na aliyekuwa mfalme msimu uliopita huenda msimu huu hayumo kabisa.

Na uwe na daftari. Kila pambano uandike ni wanne gani uliowachagua na nani hakufanya kitu. Ukitaka kubadili, badili mmoja tu, kisha ucheze tena. Ukibadili watatu kwa hasira ya usiku mmoja, hutajua nani alikuwa na hatia.

Daftari la mpwa wangu limekwisha kusema. Katika mapambano ishirini alimchagua Kingdra mara tatu tu, maana Archaludon anaitumia mvua yote peke yake. Sasa anamtafuta wa kukirithi kiti hicho, na ananiambia amepata wawili anaowalinganisha. Mmoja wao, kwa maelezo yake, ni samaki.