Kwa Nini Muuguzi Anauliza Asili Yako?

Ukienda hospitali, muuguzi huandika katika kadi jina lako, umri wako na mtaa wako. Pengine anauliza tena: "Wewe ni mtu wa kabila gani?" Wengine hujibu upesi. Wengine hunyamaza kwa hofu. Yafaa tujue maana ya swali hili, kwa kuwa laweza kusaidia, tena laweza kuumiza.

Namna lilivyoumiza

Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka wa 1910, ukaitwa Elisabethville. Siku zile watu waliandikwa kwa rangi yao. Wazungu walikuwa na hospitali yao, na Waafrika yao. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, unaoitwa leo Kamalondo, paliachwa ukanda mtupu usiojengwa. Walisema mbu atachukua malaria kwa Waafrika na kuwapelekea Wazungu. Ni kweli, mbu huchukua malaria kwa mtu mmoja na kumpa mwingine. Lakini mbu haangalii rangi ya ngozi. Kazi iliyofaa ilikuwa kuondoa maji yaliyosimama na kuwatibu wagonjwa wote. Rangi iliandikwa ili mmoja alindwe, mwingine aachwe.

Katika Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka wa 1994 wauaji walisoma vitambulisho hivyo njiani ili wajue nani wa kuua. Hapa Katanga, mwaka wa 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja garimoshi, na wengi walikufa kwa magonjwa. Basi mama akitetemeka kusikia neno "kabila" hospitalini, usimcheke.

Namna linavyosaidia

Katika Uingereza, tangu mwaka wa 1995, hospitali ziliagizwa kuandika asili ya wagonjwa wanaolazwa. Hesabu ya miaka ya 2017 hadi 2019 ilionyesha kwamba wanawake weusi walikufa kwa sababu ya mimba na uzazi zaidi ya mara nne kuliko wanawake weupe. Kama asili isingaliandikwa, nani angalijua? Kila kifo kingaliitwa bahati mbaya ya nyumba moja. Hesabu ilionyesha kwamba kuna jambo la kutengenezwa. Asiyehesabiwa husahauliwa.

Kabila si ugonjwa

Usifikiri kwamba kabila au rangi yaonyesha yote yaliyo ndani ya damu. Ugonjwa wa damu uitwao SS, unaowatesa watoto wengi katika Kongo, unapatikana pia Uhindi, Arabuni na Ugiriki. Kinachoonyesha SS ni kipimo cha damu. Na mtoto wa Katuba au Ruashi akihara mara kwa mara, tazama kwanza kisima na choo cha nyumbani kwao, kabla ya kuuliza babu yake alitoka wapi.

Fanya hivi

1. Ukiulizwa asili yako, uliza kwa upole: "Mnaandika kwa kazi gani? Nani atasoma?"

2. Jibu wewe mwenyewe. Muuguzi asikisie kwa kutazama uso wako au kwa kusikia jina lako.

3. Kama hutaki kujibu, sema hivyo. Haifai kunyimwa dawa kwa sababu hiyo.

4. Usifiche mtaa wako, umri wako, maji unayokunywa na urefu wa njia uliyotembea. Hayo huonyesha ugonjwa umetoka wapi na nani amekosa msaada.

5. Wewe muuguzi, kadi ya mgonjwa ni siri. Ifungie kabatini. Kabla ya kuuliza kabila, jiulize: hesabu hii itawasaidiaje walioachwa nyuma? Ukikosa jibu, acha swali hilo, umtibu mgonjwa.