Dawa Inampa Bondia Nini Hasa?

Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Zambia ililetwa na mtu mwepesi kuliko mfuko wa saruji. Keith Mwila alipata shaba ya ndondi Los Angeles mwaka 1984, katika uzani usiozidi kilo 48. Miaka kumi kabla yake Lottie Mwale alikuwa ametwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, na mwaka 1980 akapanda ulingoni Marekani kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Matthew Saad Muhammad. Ngumi za Zambia zilikulia zaidi Lusaka na kwenye miji ya migodi ya Copperbelt, huko huko ambako vijana wa Mwansabombwe, Nchelenge na vijiji vya ufukwe wa Ziwa Mweru wamekuwa wakienda kutafuta maisha, kizazi baada ya kizazi.

Kijana anayeondoka mkoa huo wa Luapula leo akitaka kuwa bondia anaondoka akiwa na simu mkononi. Kwenye simu hiyo amekwisha kusikia habari za mabingwa waliokamatwa na dawa za kusisimua misuli, na swali linalomjia ni la haki kabisa: kama mabingwa wanazitumia, si maana yake zinafanya kazi?

Zinafanya kazi. Ila kazi yenyewe si ile anayoidhania.

Watu wengi wanafikiri dawa humwongezea bondia uzito wa ngumi. Misuli mikubwa, ngumi nzito, mpinzani chini. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa wanaume 43, ambao baadhi yao walichomwa miligramu 600 za homoni ya testosteroni kila wiki kwa wiki kumi. Waliochomwa na kufanya mazoezi ya vyuma waliongeza takriban kilo sita za mwili usio na mafuta. Waliochomwa bila kufanya zoezi lolote waliongeza kama kilo tatu, zaidi ya wale waliotoa jasho gym bila homoni, ambao waliongeza kilo mbili hivi. Hapo hakuna ubishi tena: homoni hujenga misuli, hata kwa mtu aliyekaa kitini.

Sasa mchukue Mwila, umwongezee kilo sita. Si bondia wa kilo 48 tena. Amehama uzani, na huko alikohamia anakutana na watu warefu kuliko yeye, wenye mikono mirefu, waliozaliwa na mifupa ya uzani ule. Isitoshe, ngumi haianzii begani. Inaanzia kwenye unyayo, inapita gotini na kiunoni, ndipo inafika mkononi, na inaumiza zaidi pale mpinzani asipoiona ikija. Hakuna sindano inayomfundisha mtu kuhesabu hatua au kuvuta kichwa nyuma kwa wakati.

Faida ya kweli inapatikana kambini. Bondia anayejiandaa kwa pambano la raundi kumi na mbili hukimbia alfajiri, hupiga begi mchana na kufanya sparingi mara kadhaa kwa wiki. Mwili huchoka, na uchovu ndio unaompangia kiasi cha kujifunza. Homoni hufupisha muda wa kupona, kwa hiyo aliyezitumia anaweza kurudi kwenye sparingi wakati mwenzake bado ananyoosha mgongo. Wiki nane za namna hiyo ni mazoezi mengi ya ziada. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo wizi unapofanyika, na hakuna mtazamaji anayeuona.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Shane Mosley. Septemba 13, 2003, mjini Las Vegas, alimshinda Oscar De La Hoya kwa pointi 115 kwa 113 kwenye kadi za majaji wote watatu. Baadaye mwaka huo huo alisimama mbele ya baraza la uchunguzi katika kesi ya maabara ya BALCO ya California, na ikajulikana kwamba alijiandaa kwa pambano lile akitumia EPO, dawa inayouchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, pamoja na steroidi za BALCO zilizopewa majina ya utani ya “clear” na “cream”. Mosley alisema hakujua kuwa ni dawa haramu.

Je, ni dawa zilizomshindia? Pointi mbili ni raundi moja tu iliyoangukia upande wa pili. Raundi moja ikigeuka, pambano linakuwa sare. Hewa kidogo zaidi kifuani katika raundi ya kumi na moja inaweza kuwa ndiyo tofauti yote. Lakini Mosley huyo huyo alikuwa amekwisha kumshinda De La Hoya mwaka 2000, kabla hajaijua BALCO. Mtu mwaminifu hawezi kuapa upande wowote. Hata EPO yenyewe, inayoogopwa kuliko zote, iliwahi kuwashangaza watafiti wa Uholanzi: walipowapa waendesha baiskeli hodari, matokeo yao ya maabara yalipanda, lakini walipopelekwa kushindana kupanda mlima Mont Ventoux nchini Ufaransa, waliopewa EPO hawakuwapita waliopewa sindano zisizo na dawa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017 na uliwahusu waendeshaji 48 wasio wa kulipwa. Mabingwa wa juu kabisa huenda wakawa na hadithi nyingine.

Wapo pia waliokutwa na dawa mwilini na bado wakapigwa. Amir Khan wa Uingereza alisimamishwa na Kell Brook katika raundi ya sita, Manchester, Februari 2022. Sampuli yake ya usiku ule ilikuwa na ostarini, dawa ya kujenga misuli, akafungiwa miaka miwili, ingawa jopo lilikubali kwamba hakuitumia kwa makusudi. Kwa upande mwingine, Ryan Garcia alikutwa na ostarini hiyo hiyo baada ya kumwangusha Devin Haney mara tatu Aprili 2024, ushindi wake ukafutwa. Lakini Garcia pia alikuwa amezidi uzani kwa karibu kilo moja na nusu. Nani atatenganisha kilichofanywa na dawa na kilichofanywa na kilo hizo?

Na kwa ukweli, mizani ndiyo inayopaswa kutia hofu zaidi huku kwetu. Steroidi ni ghali. Kidonge cha kukojosha ni senti chache.

Furosemidi, mojawapo ya vidonge hivyo, ni dawa ya halali, inayowasaidia wagonjwa wa moyo na wenye miguu iliyovimba maji. Kidonge chake cha miligramu 40 ni kidogo, na kazi yake huanza ndani ya saa moja: mtu anaenda chooni, anarudi, anaenda tena. Bondia aliyebakiwa na kilo mbili za kushusha huku mizani ikiwa kesho asubuhi anaona amepata mkombozi. Amekimbia akiwa amevaa nailoni, ametema mate kwenye chupa, amekataa maji tangu jana. Sasa anameza kidonge. Kinachotoka si mafuta. Ni maji ya damu na potasiamu, madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio. Dawa za aina hii zimepigwa marufuku michezoni kwa sababu mbili: hushusha uzito, na huzimua mkojo hadi dalili za dawa nyingine zinakuwa ngumu kuonekana. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, bondia wa Nigeria Cynthia Ogunsemilore alisimamishwa kabla ya pambano lake la kwanza baada ya furosemidi kukutwa kwenye sampuli yake. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka mitatu kwa dawa ya jamii hiyo hiyo, haidroklorothiazidi.

Mkimbiaji anayedanganya anamnyang'anya mwenzake medali. Bondia anayedanganya anampiga mwenzake kichwani. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa Seoul 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 siku chache tu baada ya pambano, kwa majeraha ya ubongo. Wangila hatajwi hapa kwa sababu ya dawa. Anatajwa kwa sababu ngumi za kawaida, za watu wa kawaida, zinatosha kuua. Ndiyo maana ilikuwa sawa kabisa Jarrell Miller kuzuiwa kupigana na Anthony Joshua mwaka 2019, baada ya sampuli zake kukutwa na dutu tatu tofauti, zikiwemo EPO na homoni ya ukuaji. Na hatari inamgeukia pia mtumiaji mwenyewe: aliyejikausha kwa vidonge anapanda ulingoni na mwili uliopungukiwa maji, na madaktari wa ndondi wanaamini ubongo wa mtu wa namna hiyo huumia kwa urahisi zaidi.

Upimaji upo, lakini uko mbali. Baraza la Ndondi la Dunia, WBC, lilianzisha mwaka 2016 mpango wa kuwapima mabondia wake bila taarifa, likishirikiana na shirika la upimaji la VADA. Mpango huo huwafikia walio kwenye orodha ya juu. Kijana wa pambano la raundi nne Ndola hayumo. Kwa miaka mingi maabara iliyotegemewa kusini mwa Sahara kwa vipimo kamili vya mkojo imekuwa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, na kusafirisha chupa moja kutoka Luapula mpaka kule ni gharama ambayo promota mdogo hataibeba.

Klabu isiyoweza kupima mkojo bado inaweza kununua mizani. Kocha akimpima bondia wake kila Jumatatu na kuandika daftarini, atajua mapema kama uzani aliosainiwa ni wake. Siku mbili kabla ya mizani, akimkuta bado ana kilo nne za kushusha, ampigie promota simu na kulivunja pambano.