Mzigo ukichelewa Dar, ufukwe tulivu hauko mbali

WAFANYABIASHARA wengi wanaofika Dar es Salaam kutoka Lubumbashi, Bujumbura, Kigali, Kampala na Lusaka hulijua jiji hili kwa vituo vinne: Kariakoo, bandarini, ofisi ya wakala wa forodha na gesti. Mtu anaweza kuja na kuondoka miaka mingi, akasafirisha makontena kwa makontena, asikanyage mchanga wa bahari hata siku moja.

Sababu inaeleweka. Muda ni fedha, na aliyeacha duka nyumbani hana hamu ya matembezi. Lakini kila anayefanya biashara hii anaijua siku ya kusubiri. Nyaraka ziko mezani kwa mtu mwingine, lori halijapata zamu, au wikiendi imeingia na hakuna litakalosogea hadi Jumatatu. Siku hiyo wengi huimalizia chumbani, chini ya feni, wakihesabu gharama.

Dar es Salaam si tena makao makuu ya serikali, kwani hayo yako Dodoma. Hata hivyo, limebaki jiji kuu la biashara la Tanzania, na limejengwa juu ya bahari. Fukwe tulivu zipo, na baadhi hazihitaji zaidi ya nusu siku. Jambo la kuzingatia ni moja: utulivu si upweke. Ufukwe usio na mtu kabisa ndio ambao mgeni anaweza kuporwa, au kuzidiwa na maji, na asipatikane wa kumsikia. Wa kuutafuta ni ule wenye watu wachache walio kwao: wavuvi, mama lishe, walinzi wa hifadhi, vijana wa boti.

Coco ina siku zake

Ufukwe unaojulikana zaidi ni Coco, upande wa Oysterbay. Jumamosi na Jumapili jioni hapo hapana utulivu. Kuna muziki, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishikaki na umati wa familia. Asubuhi ya siku ya kazi, Coco ni mahali pengine kabisa. Anayetaka saa mbili za upepo kabla ya kurudi Kariakoo atazipata hapo, bora abaki karibu na vibanda na asiende kutembea peke yake pembezoni. Kuogelea kunahitaji tahadhari, maana kuna miamba na mikondo ya maji.

Ng'ambo ya kivuko

Utulivu wa karibu zaidi uko Kigamboni. Kutoka Kariakoo, basi la mwendokasi humfikisha mtu Kivukoni, jirani na soko la samaki la Feri. Hapo hupandwa kivuko, na dakika chache baadaye abiria yuko ng'ambo. Mwenye gari anaweza kuzunguka kwa Daraja la Nyerere lililopo Kurasini, lenye urefu wa mita 680, ambalo lilizinduliwa Aprili 2016. Magari hulipia kupita.

Ukishuka ng'ambo, daladala na bajaji huelekea Mjimwema, ambako ufukwe ni mpana na mchanga wake ni mweupe. Sehemu kubwa ya ufukwe huo iko mbele ya hoteli na mabanda ya makuti. Baadhi hutoza kiingilio, hasa wikiendi, na nyingine humtaka mgeni anunue chakula au kinywaji tu. Ni vizuri kuuliza bei kabla ya kuketi.

Mbele zaidi iko Gezaulole, kijiji cha wavuvi ambacho jina lake ni la Kizaramo, lenye maana ya "jaribu uone". Kilikuwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Hapo ngalawa hulala mchangani, nyavu hushonwa kivulini, na samaki hununuliwa akiwa ametoka majini. Asiyeridhika anaweza kuendelea kusini hadi Kimbiji na Buyuni, ambako nyumba ni chache na minazi ni mingi. Lakini safari hiyo hula siku nzima, na usafiri wa kurudi jioni hupungua. Anayekwenda huko apatane na dereva wa kumrudisha kabla hajaondoka.

Visiwa vya hifadhi

Upande wa kaskazini, Kunduchi iko takribani kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Hapo boti huvusha watu hadi kisiwa cha Mbudya. Kisiwa cha Bongoyo hufikiwa kwa boti kutoka Msasani. Visiwa hivi, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975. Ndiyo maana havina maghorofa wala baa za kando ya barabara. Kuna vivuli vya makuti, samaki wa kukaanga, na maji yanayoonyesha mchanga ulio chini yake.

Hifadhi zina ada ya kuingia, na nauli ya boti ni malipo tofauti. Anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki abebe hati ya kumtambulisha, aulize kama kuna kiwango cha raia wa Jumuiya, na adai stakabadhi. Apande boti yenye majaketi ya kujiokolea ya kuwatosha abiria wote, na amuulize nahodha boti ya mwisho inarudi saa ngapi. Visiwa hivi havina maduka wala zahanati, hivyo maji ya kunywa na dawa zake mtu aende nazo.

Aliyefika Kunduchi na bado ana muda anaweza kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Baadhi ya makaburi hayo ya karne ya 18 yalipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina, alama ya watu waliofanya biashara ya kuvuka bahari kabla ya kontena kujulikana.

Maji yana ratiba yake

Mgeni kutoka bara hushangaa kuikuta bahari "imekimbia". Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu saa moja kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Siku hizo maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, hujaa nyakati za asubuhi hiyo hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo anayetaka kuogelea atazame mwezi, kisha amuulize mvuvi.

Msimu nao una neno. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huchafua bahari, na boti za visiwani hurushwa na mawimbi. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, bahari kwa kawaida hutulia zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaweza kuharibu siku yote.

Fedha zibaki benki

Mfanyabiashara huwa na hatari ambayo mtalii wa kawaida hana: fedha za mzigo. Ufukweni si mahali pake. Ziwekwe benki au katika kasha la hoteli, na mtu aondoke na fedha za siku hiyo tu. Pasipoti ya asili na nyaraka za forodha zibaki mahali salama, nakala itembee. Waende wawili au watatu, mmoja abaki na vitu wengine wakiwa majini, na jua lizame wakiwa wameshaanza safari ya kurudi.

Ufukwe ni wa nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Pamoja na hayo, anayetembea kaskazini mwa jiji hukutana na kuta zinazokaribia maji, na njia za kushukia ufukweni zinazopungua. Mahali pengine mtu wa kawaida hufika baharini kwa kupita ndani ya hoteli tu.

Fukwe tulivu zilizobaki zimesalia kwa sababu mbili: ama ziko ndani ya hifadhi, ama wavuvi bado wanaishi na kufanya kazi hapo. Mgeni anayenunua samaki Gezaulole, anayelipa ada halali Mbudya na anayerudi mjini na chupa zake tupu anasaidia hali hiyo iendelee. Mzigo ukichelewa tena safari ijayo, atakuwa na pa kwenda.