Tununue kompyuta gani ya kutengeneza picha?



Munajua kama sisi wafinalisti wa mwaka huu tunakusanya franka kidogo kidogo ili tuachie shule kompyuta moja ya kutengeneza picha. Kazi yake itakuwa picha za karte za wanafunzi, picha za kumbukumbu za kila darasa, na picha za gazeti letu hili. Franka zile hazikuanguka toka mbinguni. Nyingi zilitoka kwa wamama wanaouza sambaza, makala na ndizi pale Kituku. Wanaamka giza ili wapokee boti zinazotoka Idjwi na Minova. Kununua mashini mbaya ni kutupa jasho lao ndani ya ziwa. Kwa hiyo mbele ya mkutano wa kuamua, tunapenda kueleza mambo yote wazi, kusudi kila mtu akija aseme kwa akili, si kwa kelele tu.

1. Picha si mchezo

Wengine wanasema: "Picha ya karte iko kitu kidogo, hata telefone inatosha." Tufikiri kwanza. Tarehe 3/10/2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu ya bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaiona toka inchi kavu. Watu wengi walikufa. Kwetu huku, mtu akifariki, jamaa wanatafuta picha ya kuweka mbele ya matanga. Mara nyingi picha inayopatikana ni ile ndogo ya karte. Wanaipeleka studio ikuzwe, na uso unatoka kama ukungu.

Kwa nini? Picha ya kompyuta imejengwa na nukta nyingi za rangi. Ili picha itoke safi kwenye karatasi, inafaa nukta 300 katika kila inchi moja, maana yake katika kila santimetre 2.54. Picha ya karte ya milimetre 35 kwa 45 inaomba nukta 413 kwa 531 tu. Lakini picha ya santimetre 20 kwa 30, ile ya kuweka ukutani, inaomba nukta 2,362 kwa 3,543. Nukta ambazo hazikuwekwa toka mwanzo, hakuna mashini itakayozirudisha kweli kweli. Itabahatisha tu. Basi sheria ya kwanza ni hii: tupige picha kubwa, tutoe ile ndogo ya karte, na ile kubwa tuichunge. Kompyuta yetu lazima iweze kufungua, kutengeneza na kulinda picha kubwa. Mengine yote yanatoka hapo.

2. Ya mezani ao ya kubeba?

Tusidanganyane. Ile ya kubeba iko na faida yake: umeme ukikatika, betri inaendelea. Na ukikimbia, unaitia ndani ya saki. Lakini kwa bei moja, ile ya mezani inakuwa na nguvu zaidi. Kitu kikiharibika ndani, unatoa kile kimoja na kuweka kingine, bila kutupa mashini nzima. Ekra yake inaweza kuwa kubwa na nzuri. Tena haiendi nyumbani kwa mtu kila jioni! Kitu cha shule kinachobebeka, munajua wenyewe ginsi kinavyopotea. Kwa kazi ya pahali pamoja, sisi tunachagua ya mezani.

3. Ndani ya sanduku

Prosesa. Hii njo akili ya mashini. Wauzaji wanapenda kusema "iko i5" na kunyamaza. i5 peke yake haisemi kitu. Tuangalie namba inayofuata. i5-4570 ni ya kizazi cha 4, ilitoka mwaka 2013. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ilitoka mwaka 2018, na iko na viini 6 pahali pa 4. Tofauti hii si ya maneno. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14/10/2025, na Windows 11 kwa kawaida inakataa prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Kwa hiyo mashini nyingi zilizotumiwa zamani katika ofisi za ngambo, na zinazouzwa bei ya chini, zimekwisha kupitwa. Hazikufa, zinaweza kutumika na Linux. Lakini bei yake lazima ishuke, na mnunuzi ajue anachonunua.

Rami. Hii ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, vitu vinaanguka. Tupige hesabu: picha ya nukta milioni 24, kila nukta na rangi tatu, inachukua karibu mega 72 ikifunguliwa. Ikiwa na tabaka tano, unafika mega 360. Ukitumia rangi za undani zaidi, inakuwa mara mbili, ni mega 720, na ni picha moja tu. Mashini yenyewe pia inakula giga kadhaa mbele hujafungua kitu. Giga 4 ni mateso. Giga 8 utafanya kazi na uvumilivu. Giga 16 njo kipimo chetu. Tuangalie tena kama iko na nafasi ya kuongeza kesho.

Diski. Iko ya namna mbili. Ile ya zamani iko na sahani inayozunguka. Inabeba vingi kwa bei ndogo lakini inachelewa, na ikianguka inakufa. Ile ya SSD haina kitu kinachozunguka. Inafungua mashini na picha haraka sana. Je, kiasi gani? Tukiwa wanafunzi 600, kila mumoja picha 3, kila picha mega 10, ni giga 18 kwa mwaka. Basi SSD ya giga 500 itatosha miaka mingi. Mashini ya zamani kidogo yenye SSD inafurahisha kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka.

Karte ya picha. Hapa njo kuna ubishi mukubwa kati yetu. Wenzetu fulani wanataka mashini ya taa za rangi na karte kubwa ya michezo. Ndugu, karte ile inasaidia michezo, video nzito na kazi ya kuchora vitu vya kompyuta. Kwa kusawazisha mwanga, kukata na kusafisha picha za kawaida, ile iliyomo ndani ya prosesa inatosha. Karte kubwa inakula franka na inakula umeme. Afazali franka zile ziende kwenye ekra.

4. Ekra ndiyo jicho

Watu wanasahau ekra, kumbe rangi zote zinaamuliwa hapo. Ekra ikidanganya, utafanya ngozi ya watu iwe majivu ao nyekundu, na hutajua mpaka karatasi itoke. Tutafute ekra ya namna ya IPS, ya nukta 1,920 kwa 1,080, inayoonyesha vizuri rangi za kipimo kinachoitwa sRGB. Namna ya kuipima hata sokoni: fungua picha ya uso wa mtu, simama mbele, kisha sogea kuume, sogea kushoto, inama. Rangi ikibadilika-badilika sana, iache.

Tukishaipata, tusiipandishe mwanga mpaka mwisho. Ekra yenye mwanga mkali inafanya picha ionekane nyeupe, unaipunguza, halafu kwenye karatasi inatoka giza. Tuiweke mbali na dirisha, tutoe picha moja kwenye karatasi, tulinganishe, tupunguze mwanga polepole mpaka zifanane. Kwa ngozi zetu nyeusi jambo hili ni la maana sana. Mashini ikififisha giza, alama za uso zinapotea, mtu anakuwa kivuli.

5. Umeme na vumbi vya Goma

Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukienda, kazi yote ambayo hukulinda inaenda nayo, na diski inaweza kuumia. Hapa Goma umeme unaenda na kurudi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa vita, muji ulikaa siku kadhaa gizani. Kwa hiyo ondileri si anasa. Ni kile kisanduku chenye betri kinachokupa dakika chache za kulinda kazi na kuzima kwa heshima. Bila ondileri, tusinunue ya mezani kabisa. Tena tusitie mashini ya kutoa picha za laser kwenye ondileri, inavuta umeme mwingi kwa mara moja.

Jambo lingine ambalo watu hawaangalii: mashini fulani za zamani ziko na kifungo kidogo chekundu nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Ikitoka Marekani, kifungo kinaweza kuwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 220, utasikia mlio mmoja, na matanga ya mashini yameanza. Tuangalie mbele ya kuchomeka.

Na vumbi! Tunakaa juu ya mawe ya volkano, vumbi yetu nyeusi inaingia kila pahali. Sanduku lisikae chini, likae juu ya meza. Kila mwezi tulizime, tulifungue, tupulize vumbi polepole.

6. Picha zikae pahali pawili

Tarehe 17/1/2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji. Tarehe 22/5/2021 ukashuka tena mpaka Buhene, na siku tano nyuma yake serikali ikaamuru mitaa kumi ihame. Wengine walienda Sake, wengine Rwanda, na mizigo kichwani. Hakuna atakayekimbia na ekra kichwani. Kwa hiyo tununue diski ndogo ya inje. Kila juma picha ziandikwe pale, na diski ile isilale ndani ya chumba kimoja na kompyuta. Picha iliyo pahali pamoja tu, tuihesabie kama imekwisha potea.

7. Programu, na kugawa franka

Photoshop ni nzuri, lakini siku hizi haiuzwi mara moja. Inalipiwa kila mwezi ao kila mwaka. Ile ya kuiba inakuja mara nyingi na virusi, na kuiba ni kuiba. GIMP na darktable ni za bure, zinakubali Windows na Linux. Zinatosha kazi yetu.

Kwa kila dola 10, sisi tunashauri hivi: 4 kwa sanduku, 3 kwa ekra, 2 kwa ondileri na diski ya inje, 1 ibaki kwa klavye, panya, nyuzi na ajali. Mtu akimaliza zote 10 kwa sanduku, amenunua ngombe bila kamba.

Na mbele ya kulipa: tuiwashe wenyewe, tusome namba ya prosesa na rami katika ekra, si kwa mudomo wa muuzaji. Tufungue picha tano kubwa pamoja. Tuiache nusu saa, tusikie kama inapiga kelele ao inachoma. Tuombe karatasi yenye jina la mashini, namba yake na siku za kuirudisha. Muuzaji akikataa karatasi, tumushukuru na kutoka.

Basi wenzetu, mawazo yetu ni haya: mashini ya mezani, hata kama imetumiwa, ya kizazi cha 8 kwenda juu, rami giga 16, SSD giga 500, ekra ya IPS, ondileri, diski ya inje. Haina taa za rangi. Mwenye mawazo mengine ayaandike na ayapeleke kwa kiongozi wa darasa lake mbele ya mkutano. Lakini aandike na hesabu, juu wamama wa Kituku wao wanahesabu kila sambaza.