Malipo mawili, sekunde moja: salio lako linalindwaje?

Tuseme uko soko la Naro Moru na kwa simu yako kuna shilingi 3,000. Mteja wa waru anakulipa 1,500. Sekunde hiyo hiyo, wewe unamtumia mwenye pikapu 2,000. Salio linafaa kuwa 2,500. Hesabu rahisi, lakini kompyuta inayofanya kazi hizo mbili pamoja inaweza kuikosea isipopangiwa zamu.

Ona hivi. Kazi ya kwanza inasoma salio: 3,000. Ya pili nayo inasoma 3,000 kabla ya mwenzake kuandika. Ya kwanza inaandika 4,500, ya pili inaandika 1,000 juu yake. Pesa ya waru imepotea na hakuna mwizi. Zikiandika kinyume, unabaki na 4,500, na hapo sisi ndio tunalia.

Ndiyo maana akaunti huwekwa kufuli. Kazi iliyofika kwanza inaishika, inasoma, inaandika, inaiachilia. Nyingine inangoja kidogo tu, kisha inasoma salio jipya. Wazo hili si geni: Jim Gray na wenzake wa IBM waliliandikia mwaka 1976, kabla hata simu ya mkononi haijafika kwetu.

Kuna mtego, lakini. Unamtumia mwenye pikapu, naye papo hapo anakurudishia chenji. Kazi moja imeshika akaunti yako, inangoja yake. Nyingine imeshika yake, inangoja yako. Ni kama matatu mbili zimekutana kwa daraja jembamba na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Dawa moja ya kawaida ni sheria kwamba akaunti yenye nambari ndogo ndiyo hufungwa kwanza, kila mara.

Tena hatuwezi kungoja hadi kesho. Mnunuzi amesimama hapo na gari ya Nanyuki inapiga honi. Kwa hivyo kila ombi lina muda wake. Ukiisha, linafutwa lote. Haiwezekani pesa ikatwe kwako halafu ikose kuingia kwa mwenzako.

Shida ni kwamba kwa simu yako, ombi lililofutwa na lile lililopita ujumbe ukachelewa yote ni kimya tu. Kiongozi wa wapanda mlima anamlipa mpagazi karibu na lango la mbuga, mtandao hafifu. Anaweka PIN, kimya. Anatuma tena. Kumbe ya kwanza ilikuwa imepita. Kwa mfumo, hayo ni malipo mawili halali yaliyopanga foleni vizuri, na yote yanapita. Kufuli inalinda salio. Haijui kwamba ulitaka kulipa mara moja.

Ukiona kimya, angalia salio kwanza. Likiwa limepungua kwa kiasi hicho, pesa imeenda. Lisipobadilika, ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo utume. Na kama tayari umetuma mara mbili, pigia huduma kwa wateja haraka, kabla aliyepokea hajazitoa kwa wakala, ukiwa na nambari zote mbili za muamala.