Mhudumu wa hoteli, hesabu saa zako za kulala

Mgeni akiingia hotelini Musoma saa 4 usiku, anatarajia chakula cha moto na tabasamu. Anayempa vyote hivyo huenda ana watoto ambao hajawaona wakiwa macho tangu juzi.

Ni hivyo hivyo Bunda, kwenye njia ya watalii waendao Serengeti kupitia lango la Ndabaka, na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Wageni hawana saa maalumu.

Kinachoumiza zaidi ni zamu kubanana. Mhudumu anamaliza kazi saa 5 usiku, na saa 12 asubuhi awe anaandaa kifungua kinywa. Hapo katikati ni saa saba tu, zikiwamo za njiani na kufua sare.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Hata pale sheria inaporuhusu kuzipunguza kwa makubaliano ya maandishi, hazishuki chini ya nane.

Hapa afya ndiyo inayoguswa. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Kwa hiyo chukua ratiba yako ya zamu, hesabu saa, kisha zungumza na msimamizi mapema. Nawe mwenza wa nyumbani, akirudi usiku, mwache alale kwanza. Ya ada na kodi yatasubiri asubuhi.